Ngozi Yetu na Wajumbe Wake

Mtoto akikwaruzika goti, baada ya siku chache ngozi hujifunga yenyewe. Lakini akiungua sana, haijifungi. Mwezi huu twapenda kueleza sababu yake.

Chini kabisa ya tabaka la juu la ngozi ziko chembe hai zizaazo chembe nyingine. Hizo mpya hupanda juu polepole, zikijaa protini ngumu iitwayo keratini, na mwisho hufa zikawa ngao ya mwili, kisha hupukutika. Je, nani huziambia wakati wa kuzaana na wakati wa kukomaa?

Bwana Stanley Cohen wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, alipata sehemu ya jibu. Aliwadunga panya wachanga utomvu uliotolewa katika tezi za mate za panya wakubwa, akaona macho yao yakifunguka kwenye siku ya 7, badala ya kungoja hadi karibu siku ya 14. Mwaka 1962 alitangaza kwamba ameitenga protini ifanyayo kazi hiyo. Ikajulikana baadaye kuwa huharakisha kukua na kukomaa kwa ngozi ya kope. Mwaka 1986 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Bibi Rita Levi-Montalcini.

Protini hiyo ni mjumbe. Hufika mlangoni pa chembe, hushikana na kipokezi chake, na habari hupita ndani hata kwenye kiini: zaaneni! Wako na wajumbe wengine wasemao: basi, komeni. Amri hizo zikipatana, jeraha hufunga kwa kiasi. Chembe zikiacha kutii amri ya kukoma, saratani yaweza kutokea.

Lakini mjumbe hafai kitu asipokuwapo wa kumpokea. Moto ukiziua chembe za chini, pamoja na zile za mashina ya nywele, ngozi hubaki kukua kutoka pembeni tu, na mara nyingi daktari hana budi kuhamisha ngozi ya mahali pengine.

Basi twawasihi wazazi: sufuria ya uji na birika la chai viwekwe mbali na watoto. Na mtoto akiungua, msimpake mafuta wala dawa ya meno. Mmwagieni mahali palipoungua maji safi ya baridi, yasiyo ya barafu, kwa dakika 20, kisha mpelekeni hospitali. Maji hayo yakiwahi, huenda yakaziokoa chembe zitakazoisikia amri ya kujenga upya.