Mkato Si Ujinga

Bamama na bapapa wa kambi, na nyie wenzetu wa mashirika mnaovaa jile zenye nembo, leo nasema juu ya mkato. Ndiyo, kile kialama kidogo kinachokaa chini ya mstari. Kuna watoto wetu wanarudishwa nyuma madarasa mawili kwa sababu yake, na hakuna anayepiga kelele, maana kila mtu anaona ni jambo dogo.

Mimi nilifundisha mwaka wa sita wa shule ya msingi huko Goma. Anayeijua Grande Barrière anajua pale ni hatua chache tu kutoka bendera moja mpaka nyingine. Ziwa ni lile lile, na Kiswahili cha mama anayevuka na kikapu ni kile kile. Lakini katika hatua zile chache alama za hesabu zinageuka, na hakuna afisa anayemwambia mtoto. Goma tunafundisha kwa Kifaransa, na kwetu 1,500 ni moja na nusu. Kwenye karatasi ya Kiingereza hapa Gisenyi, 1,500 ni elfu moja na mia tano. Pai yetu ni 3,14, ya huku ni 3.14. Sisi kigawanyo tunakiandika kuume, wao wanakiandika kushoto. Mtoto anapigwa mihuri yote, mzigo unakaguliwa, lakini mkato wake anavuka nao bila mtu kuuangalia.

Sasa tazameni unavyomfanyia. Mtoto mmoja ninayemfundisha alipewa jaribio la kumpangia darasa, katika shule ambayo sitaitaja. Swali: mita 1,500 ni kilometa ngapi? Akajibu 0,0015. Akapigwa mkasi mwekundu. Mimi nikachukua biki nikapiga hesabu upya. Kama 1,500 ni mita moja na nusu, kama alivyofundishwa tangu utotoni, basi jibu lake ni sahihi mpaka tarakimu ya mwisho. Mtoto anayeweza kusogeza mkato nafasi tatu bila kukosea anajua desimali vizuri kabisa. Lakini alihesabiwa kuwa hajui, na akapelekwa kukaa na wadogo zake.

Kwenye jometri ni yale yale. Pembetatu yenye pembemraba tumewafundisha kwa jina la «triangle rectangle». Huku, neno «rectangle» ni mstatili basi, na pembetatu ile inaitwa «right-angled triangle». Mtoto amejifunza wiki iliyopita kwamba «right» ni mkono wa kuume. Anachora pembetatu iliyolalia kuume. Mwalimu anaandika sifuri. Lakini mpe mtoto huyo huyo kamba, umwambie anyooshe kona ya nyumba: atapima 3, atapima 4, atahakikisha kamba ya kukatiza ni 5, kama alivyomwona baba yake fundi akifanya. Jometri anayo. Kilichomshinda ni jina.

Wapo watakaosema: mwalimu, acheni mitihani, watoto wa vita wanahitaji ngoma na kuchora. Nawajibu kwa heshima: ngoma tunayo, hatukuisahau Goma. Mwisho wa darasa la sita hapa Rwanda kuna mtihani wa taifa, hesabu imo, na imeandikwa kwa Kiingereza. Ndio unaomfungulia mtoto njia ya sekondari. Huo ni barrière nyingine, na pale hakuna wa kumuonea huruma. Kwa hiyo mazoezi ya alama za uandishi na ya jometri nayataka, tena mengi, kila siku. Anayetunyima mazoezi kwa jina la huruma anatufungia njia huku anatabasamu.

Lakini wapo na wale wa upande mwingine, na hao nawagombeza zaidi. Wanaleta rundo la karatasi za zamani, wanamwambia mtoto azungushe a, b, c au d, wanahesabu karatasi, wanaandika ripoti. Mtoto anafanya karatasi thelathini na kosa moja anakosea mara thelathini, maana hakuna aliyemwambia kwamba mkato umehamia kwenye maelfu na nukta imechukua kazi yake.

Msinielewe vibaya, alama nazipenda. Kwetu mkato unaweza kufunga njia au kuifungua. Askari akisema «Hapana pita», unarudi. Akisema «Hapana, pita», unaenda. Mtoto wa Kivu anaelewa hilo kwa dakika moja, na kutoka hapo atakuelewa ukimwambia Mfaransa anaweka nafasi kabla ya alama ya kuuliza na Mwingereza haweki. Hata apostrofi anaijua: ameiandika kwenye ng'ombe tangu mwaka wa kwanza. Anzeni na anachokijua.

Na msiniambie mkato wetu ni kosa. Mwaka 2003 Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani, ule wa 22, uliamua kwamba alama ya desimali inaweza kuwa nukta au mkato, zote mbili ni halali, na makundi ya tarakimu tatu tatu yatenganishwe kwa nafasi tupu. Yaani wataalamu wa dunia walikaa, wakaona nchi zinatofautiana, wakakubali hivyo. Mtoto wa miaka kumi na mbili ndiye anatakiwa kugundua mwenyewe? Rwanda yenyewe ilipoamua mwaka 2008 kufundisha kwa Kiingereza, walimu wake wakubwa, wenye diploma, ilibidi wajifunze upya. Nasi tunaomba subira ile ile.

Wenzetu wa mashirika, nyie mnaijua 3.5. Ni mita za mraba ambazo kanuni zenu za misaada zinasema kila mtu apate, kwa uchache, ndani ya makazi. Watu sita wanahitaji 21. Turubai ya mita 4 kwa 5 inafunika 20. Wekeni swali hilo kwenye karatasi ya mazoezi, muone kama watoto wetu hawajui eneo. Watawajibu, na mama zao watawaongezea maneno.

Ninachodai ni vitu vitatu. Kwanza, karatasi moja yenye safu mbili: kushoto alama na majina ya Goma, kuume ya Gisenyi. Mkato na nukta, kugawanya, mabano ya kunukuu, majina ya maumbo. Ukurasa mmoja unatosha, na mtoto aushike kabla ya jaribio lolote. Pili, siku ya kumpangia mtoto darasa, awepo mwalimu mmoja aliyefundisha upande wa pili. Tumejaa kambini, tunashinda tumekaa. Mwalimu huyo aangalie njia ya hesabu kabla jibu halijapigwa mkasi. Tatu, watoto waliokwisha kurudishwa nyuma wapewe jaribio upya, na maswali yasomwe kwa lugha wanayoielewa.

Wazazi, nanyi msingoje. Mtoto akirudi na sifuri, msimpige. Fungueni kaye, muulizeni amefikaje kwenye jibu lile. Mama anayeuza nyanya anajua bei ya elfu na bei ya moja na nusu, hahitaji cheti kuona mkato umekaa wapi. Mkiona njia ni sawa na jibu limekataliwa, chukueni kaye hiyo mwende kwa mwalimu mkuu, kwa adabu, lakini mwende.

Na nyie wenye mashine ya kuchapa: kabla ya kutoa karatasi zingine mia za a, b, c, chapeni hiyo moja.