Deni la Shahada na Haki ya Kijana

Wazazi wengi huuliza kama yafaa kijana akope ili asome Sayansi ya Siasa. Swali hilo lahitaji hesabu, wala si hofu.

Hapa Tanzania, kwa sheria iliyorekebishwa mwaka 2016, mwajiriwa anayedaiwa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi. Awali alikatwa 8. Tuseme anadaiwa shilingi 10,000,000 na hulipwa 700,000 kwa mwezi: atakatwa 105,000 kwa karibu miaka minane.

Kulipa ni wajibu, maana fedha hiyo humsomesha mtoto wa jirani. Lakini kiwango kimoja kwa wote humlemea zaidi mwenye kipato kidogo. Haki yadai makato yaongezeke kadiri mshahara unavyoongezeka.

Basi tusimkataze kijana elimu hiyo, kwani taifa lahitaji watu wanaoielewa Katiba. Tuketi naye tupige hesabu kabla hajatia saini, ili achague akijua mzigo atakaoubeba.