Kabla mtoto hajapewa spana

Mtoto anapoanza kurudi nyumbani na mikono myeusi kwa grisi, wazazi wengi huanza kwa kugomba. Shati la skuli limeharibika, wakati wa chuoni umepita, na jibu la mtoto ni lile lile kila siku: "Nilikuwa gereji, naangalia."

Mama mmoja wa Kikwajuni alikuwa kwenye hali hiyo. Mwanawe ana miaka 15, na kwa wiki kadhaa alikuwa akipitia gereji kila anapotoka skuli. Siku moja mama akamkalisha chini akamuuliza, bila ya ukali, amejifunza nini huko. Kijana akataja mambo matatu: kuwanunulia mafundi chai, kuwashikia tochi, na kunyonya petroli kwa mpira kutoka kwenye tangi.

Mama hakugomba tena. Alishikwa na hofu.

Siku hizo hizo kaka yake alimjia na jambo. Yeye na wenzake wa barza wanapenda malori ya zamani, yale ya Kiingereza yaliyokuwa yakifungwa bodi za mbao na kubeba abiria na mizigo ya shamba. Walikuwa na Bedford moja iliyosimama kwa miaka. Walitaka likizo ya skuli wawakusanye vijana, wawafundishe ufundi kwa mikono juu ya gari hilo.

"Dada, nipe kijana," akasema.

"Kijana utampata, kaka. Kwanza niambie atafundishwa na nani, atafundishwa nini, na nani atamwangalia asiumie."

Kaka hakuwa na majibu. Alirudi barzani, na wiki mbili zilizofuata zikawa za kuyatafuta. Mzazi yeyote anayeombwa mtoto wake kwa mafunzo ya aina hii anaweza kuanza na maswali hayo hayo matatu.

Kwa nini lori kuukuu

Mtu anaweza kuuliza faida ya kumfundisha mtoto gari ambalo hata kiwanda chake hakipo. Malori ya Bedford yalianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1931, na mwaka 1987 kampuni ya General Motors ikauza kiwanda chake cha malori cha Dunstable. Vipuri vyake leo ni vya kutafuta kwa tochi.

Lakini kwa kufundishia, gari la zamani lina jambo moja ambalo gari jipya halina: kila kitu kinaonekana. Chukua mfano wa platini. Ni vipande viwili vidogo vya chuma ndani ya distributa, vinavyofunga na kufunguka injini inapozunguka. Vinapofunguka, koili hutoa umeme mkali unaokwenda kwenye plagi, na cheche ya plagi huwasha petroli iliyochanganyika na hewa. Mtoto akizungusha injini kwa mkono, anaviona kwa macho yake vikifunguka, kwa nafasi ambayo kwa kawaida haizidi nusu milimita.

Kwenye gari la kisasa kazi hiyo hufanywa na vifaa vya elektroniki vilivyofungwa ndani ya kasha. Fundi huchomeka mashine ya kupimia na kusoma namba. Kijana anayeanzia hapo huweza kuijua namba bila ya kujua inazungumzia nini. Aliyeanzia kwenye platini anajua kwamba injini ya petroli inataka hewa, mafuta, mgandamizo na cheche kwa wakati wake, na mambo hayo hayajabadilika.

Atafundishwa na nani

Mjomba alikuwa na orodha ya mafundi sita, wote rafiki zake. Dada yake akaipunguza hadi wawili, pamoja na seremala mmoja. Sababu yake ni kwamba mafundi sita kwenye gari moja watafanya kazi wao, na watoto watasimama nyuma wakiangalia migongo.

Hapo ndipo mafunzo mengi ya vitendo yanapoharibika. Fundi mzuri ana mkono mwepesi. Akiona mtoto anahangaika na nati, anamnyang'anya spana na kuifungua mwenyewe kwa sekunde tano. Kazi imekwenda, lakini mtoto hakujifunza chochote. Kwa hiyo sharti la kwanza kwa mafundi wale lilikuwa kuweka mikono nyuma. Waeleze, waoneshe mara moja, kisha wangoje.

Watoto walikubaliwa wanane tu, wanne kwa kila fundi. Watatu kati yao walikuwa wasichana. Wazazi wao waliuliza kuhusu mavazi, na swali lilikuwa la maana, kwani kitu chochote kinachoning'inia ni hatari karibu na feni na fani belti. Ikakubaliwa kwamba ncha za mitandio zichomekwe ndani, mikono ya nguo ifungwe, na hakuna atakayekuja na kanzu, pete wala kandambili. Sharti hilo lilikuwa la wote, wa kike na wa kiume.

Atafundishwa nini

Mpango wa kwanza wa mjomba ulikuwa kushusha injini nzima. Wenzake walifurahi, ila kwa siku nne lingebaki gari lililotapanywa na watoto wasiojua walichofanya. Mpango uliokubaliwa ulikuwa mdogo: kila siku kazi moja inayoanza na kumalizika siku hiyo hiyo, saa 2:00 asubuhi hadi saa 6:00 mchana, ili watoto wawahi Adhuhuri na jioni waende chuoni. Ijumaa haikuguswa.

*Siku ya kwanza* injini haikuguswa. Watoto walijifunza majina ya vifaa na vipimo. Malori mengi ya Kiingereza ya zamani yana nati za inchi, na spana nyingi zilizopo leo ni za milimita. Nusu inchi ni milimita 12.7. Spana ya 13 inaingia, lakini inacheza, na ukiilazimisha pembe za nati zinaliwa. Nati iliyoliwa haifunguki tena kwa amani. Kila mtoto alifungua nati tano, akazitia kwenye mfuko, akaandika zilikotoka, kisha akazirudisha.

*Siku ya pili* ilikuwa ya plagi na platini. Betri ilitolewa kabisa. Plagi zote sita zikafunguliwa, na kwenye kila tundu kikachomekwa kipande cha karatasi iliyokunjwa. Injini ilipozungushwa kwa hendeli, karatasi ziliruka moja moja, nazo hazikufuata mpangilio wa 1, 2, 3. Watoto waliandika namba: 1-5-3-6-2-4. Huo ndio mpangilio wa injini nyingi zenye silinda sita za mstari mmoja. Mtoto aliyeandika namba hizo kwa mkono wake hahitaji kukaririshwa.

*Siku ya tatu* ilikuwa ya maji, oili na hewa: kusafisha rejeta, kukagua mipira, kupima mkazo wa fani belti, kubadilisha oili na filta.

*Siku ya nne* ilikuwa ya seremala. Bodi za malori haya zilijengwa na maseremala wa hapa hapa, na ujuzi wake ni urithi kama ulivyo wa injini. Watoto walihesabu mbao zilizooza, wakapima, wakakata moja na kuifunga kwa bolti. Mchana injini ingejaribiwa kuwashwa.

Nani atamwangalia asiumie

Mahali palipopendekezwa kwanza palikuwa uwanja baina ya nyumba za ghorofa, zile zilizojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi ya 1964. Mama alikataa. Pale watoto wadogo hucheza, nguo huanikwa, na petroli haitaki majirani. Gari likavutwa hadi kwenye eneo la wazi lenye sakafu ya saruji.

Mtu mzima mmoja alipewa kazi ya usalama peke yake. Hakushika spana hata mara moja. Orodha yake inafaa kukatwa na kubandikwa kwenye gereji yoyote inayopokea vijana:

Hakuna anayeingia chini ya gari lililobebwa na jeki pekee. Jeki ni ya kunyanyulia. La kubeba gari ni stendi imara, na magurudumu yaliyobaki chini yatiwe kabari.

Hakuna mtoto anayefungua breki. Lainingi za magari ya zamani mara nyingi zina asbesto, na vumbi lake likivutwa linaweza kuleta maradhi ya mapafu, ikiwemo saratani, baada ya miaka mingi. Kupuliza vumbi la breki kwa mdomo au kwa kompresa ni kosa, hata kwa fundi mkubwa.

Hakuna mtoto anayejaza upepo tairi za lori zenye ringi ya chuma. Ringi ikichomoka wakati wa kujaza inaweza kuua.

Rejeta haifunguliwi ikiwa moto. Mikono haioshwi kwa petroli bali kwa sabuni. Anayezungusha hendeli aweke dole gumba upande mmoja na vidole vingine, ili injini ikirudi nyuma isimvunje mkono.

Mchanga na kizimamoto cha unga viwe karibu. Moto wa petroli haumwagiwi maji.

Na petroli hainyonywi kwa mdomo, abadan. Tone likiingia kwenye mapafu linaweza kumletea mtoto maradhi makubwa. Aliyemeza au kupaliwa na petroli asitapishwe, kwa sababu kutapika huweza kuipeleka kwenye mapafu. Apelekwe hospitali mara moja, hata kama anasema hajambo.

Mwanafunzi si kibarua

Jambo la mwisho ambalo mama alilitaka liandikwe kwenye karatasi na kutiwa saini ni kwamba watoto hawatatumwa. Chai italetwa na watu wazima. Hakuna gari la mteja litakaloingizwa kwenye mafunzo.

Watu wa barza waliona anazidisha. Lakini kwa Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya mwaka 2011, mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18. Kijana wa miaka 15 anayeshinda gereji bila ya kufundishwa anafanya kazi ya bure, na kwa kawaida ile ambayo wenyewe hawaitaki.

Kipimo chake ni rahisi. Kila jioni muulize mtoto: "Leo umefanya nini kwa mkono wako, na kwa nini kinafanywa hivyo?" Akiweza kueleza, anafundishwa. Akikujibu kwa wiki mbili mfululizo kwamba alishika tochi, nenda ukazungumze na fundi, kwa heshima, mbele ya mtoto.

Kwa atakayeonesha nia ya kweli, njia zipo. Mamlaka ya Mafunzo ya Amali ina kituo chake Mwanakwerekwe, na Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Karume ipo Mbweni. Siku nne haziwezi kuchukua nafasi ya vyuo hivyo. Zinamsaidia mtoto na mzazi kujua kama hamu ni ya ufundi au ni ya kukaa na wakubwa.

Siku ya nne, mchana

Injini haikuwaka. Ilikohoa mara mbili ikanyamaza. Mafundi waligundua kwamba pampu ya petroli haivuti tena, na kipuri hakikuwepo. Wapo watoto waliovunjika moyo, na mjomba alikuwa wa kwanza wao.

Lakini usiku ule kijana alikaa na mama yake jikoni na kumwelezea, kwa vijiko na vikombe, cheche ipo, hewa ipo, mgandamizo upo, na kilichokosekana ni mafuta. Mama hakuelewa yote. Alielewa kwamba mwanawe anajua sababu ya gari kutowaka, na kwamba alifika hapo kwa kuondoa jambo moja moja.

Skuli zilipofunguliwa, kijana alirudi gereji, safari hii kwa ruhusa, siku mbili kwa wiki. Siku ya kwanza tu fundi alimpa mpira na galoni.

"Samahani, fundi," akasema, "kwa mdomo sinyonyi. Kama kuna pampu ya mkono, nitavuta."

Fundi alimtazama kidogo, kisha akamtuma mwenzake akaitafute. Ilikuwepo, chini ya meza, imejaa vumbi.