Bomani: Pale Mtawala Alipokuwa Hakimu



Zamani, mtu wa Iringa au Mbeya aliyeambiwa "unaitwa bomani" hakulala usingizi. Huko ndiko kulikokuwa na kodi, kazi ya lazima, kesi na adhabu. Mahakama haikuwa na nyumba yake. Ilikaa katika nyumba ya mtawala. Juma hili natutazame kuta hizo, maana zina somo kwa kila mwananchi anayedai haki yake.

Jina Iringa lenyewe ni jina la ukuta. Linatokana na neno la Kihehe lilinga, yaani ngome. Ngome hiyo ilikuwa Kalenga, makao ya Mtwa Mkwawa. Mwaka 1891, pale Lugalo, Wahehe walikiangamiza kikosi cha Kijerumani pamoja na kamanda wake, Emil von Zelewski. Wajerumani walirudi na mizinga, na tarehe 30 Oktoba, 1894, Kalenga ikaanguka. Mwaka 1896 Tom von Prince aliweka kituo kipya juu ya kilima, nacho kikachukua jina lile lile la ngome iliyovunjwa.

Jengo ambalo leo huitwa Boma la Iringa lilijengwa na Wajerumani mwaka 1900, miaka 2 tu baada ya Mkwawa kujiua ili asitiwe mikononi mwa adui. Kwanza lilikuwa hospitali ya askari. Katika umbo lake utaona ufundi wa Kijerumani ukichanganyika na ule wa majumba ya pwani yetu. Waingereza walipoingia wakaligeuza kuwa ofisi za utawala. Kusini yake, katika nchi ya Rungwe, Wajerumani walikuwa na boma jingine, Tukuyu, mji waliouita Neu-Langenburg. Wakati huo mji wa Mbeya ulikuwa haujazaliwa.

Haki iliamuliwaje katika maboma hayo? Bwana mkubwa wa Kijerumani alikaa barazani akasikiliza "shauri". Hata katika lugha yao ya kiofisi waliliazima neno hilo letu. Aliyekusanya kodi ndiye aliyekuwa hakimu wa mtu asiyelipa kodi. Amri ya mwaka 1896 iliruhusu viboko hadi 25 kwa mara moja, na ndiyo maana wazee walisema "hamsa ishirini" na kila mtu akaelewa. Hapakuwa na wakili wa kumsemea mnyonge.

Waingereza walibadili sura ya mambo, wala hawakuling'oa shina. Waliweka mahakama za wenyeji chini ya machifu, huku mkuu wa wilaya, aliye mtawala, akizisimamia. Mzungu na Mwafrika hawakushtakiwa kwa mlango mmoja.

Mlango huo mmoja ulifunguliwa na Tanganyika huru. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963 ilifuta ubaguzi huo na kuweka ngazi moja kwa wote: mahakama ya mwanzo, ya wilaya, na juu yake Mahakama Kuu. Na Spika wa Bunge wakati huo alikuwa nani? Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa yule aliyebomolewa ngome yake Kalenga.

Mtihani mkubwa ulikuja siku ya Krismasi, mwaka 1971, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dkt. Wilbert Kleruu, alipouawa kwa risasi na mkulima mmoja huko Isimani. Enzi ya boma, serikali iliyofiwa na mtu wake ndiyo ingeketi kuhukumu. Safari hii mkulima huyo alifikishwa mbele ya Mahakama Kuu mwaka 1972, akapata nafasi ya kujitetea, na jaji ndiye aliyetoa hukumu. Hukumu ilikuwa kifo. Mtu anaweza kuwa na maoni yake juu ya mkasa ule mchungu, lakini tofauti na hamsa ishirini ya barazani iko wazi.

Tangu mwaka 2016 Boma la Iringa ni makumbusho ya mkoa na kituo cha utamaduni. Wapo wanaouliza kwa nini tutunze nyumba ya mkoloni. Jibu langu ni kwamba nyumba hiyo ni shahidi, na shahidi hauawi. Ukuta ukibomolewa, mtoto atadhani haki ilikuwa hivi tangu zamani, wala hatajua kwamba inaweza kupotea tena siku mtawala atakaporudi kuketi kwenye kiti cha hakimu.

Basi, ndugu msomaji, ukipita Iringa na jamaa yako, ingieni. Waoneshe watoto kuta zile, kisha uwapitishe mbele ya mahakama ya mwanzo, hata kama ni nyumba ndogo ya bati. Waambie kwamba nyumba hizo 2 hazipaswi kuwa moja.