Sikio Halipimi Farasi

Kuna uongo mmoja unaouzwa kwa bei nzuri katika gereji za pikipiki, na wateja wake wengi ni vijana wa umri wangu. Unampelekea fundi pikipiki ya mipigo miwili, ile inayochoma oili pamoja na petroli na kuacha moshi wa bluu nyuma yake. Fundi anafungua silinda, anapandisha dirisha la kutolea moshi kwa tupa, anachonga hedi, anabadili jeti ya kabureta, anafunga ekzosi yenye tumbo. Anapiga kiki. Injini inalia kama nyigu aliyefungiwa ndani ya kopo. Anaisikiliza kidogo, kichwa kimeinama, kisha anatamka: "Hii sasa ni farasi 40." Watu wanatikisa vichwa. Hakuna anayeuliza farasi hao wamehesabiwa wapi.

Mimi nauliza. Nasoma shahada ya uzamili ya uhandisi mitambo, na sina ugomvi na mikono ya mafundi. Nimeona wazee wakitambua beringi ya krenki iliyoanza kufa kwa kugusisha bisibisi kwenye injini na kutega sikio upande wa pili. Rangi ya plagi inawaambia kama mchanganyiko una petroli nyingi au kidogo, na mara nyingi wako sahihi. Ugomvi wangu ni na ile namba.

Nguvu ya injini ni vitu viwili vilivyozidishwa: inasokota kwa uzito gani, na inazunguka mara ngapi kwa dakika. Cha kwanza ni torki. Sikio linaweza kukisia mizunguko, tena mwenye uzoefu hukisia vizuri. Torki haina sauti. Ukitoboa silensa kelele zitaongezeka maradufu na tairi la nyuma lisipate hata chembe ya ziada.

Pikipiki ya mipigo miwili iliyofanyiwa kazi ina ujanja mwingine juu ya huo, nao uko kwenye ekzosi. Wimbi la moshi likifika penye tumbo linarudisha mvuto unaosaidia kunyonya hewa mpya. Likifika penye koni ya mwisho linarudi kama msukumo, likiisukuma ndani ya silinda ile hewa mpya iliyokuwa imeanza kutoroka. Aliyelifanyia jambo hili kazi ya kina ni Walter Kaaden wa kiwanda cha MZ, Zschopau, Ujerumani Mashariki. Mwaka 1961 injini yake ya mashindano ya sisi 125 ilifika farasi 25, sawa na farasi 200 kwa kila lita, bila tabo. Mwaka huohuo dereva wake, Ernst Degner, alitoroka wakati wa mashindano ya Uswidi na kuupeleka ujuzi ule Suzuki. Mwaka 1962 akawa bingwa wa dunia wa daraja la sisi 50 akiwa juu ya Suzuki. Wajapani walikuwa na masikio. Walisimama pembeni ya njia zilezile wakizisikia MZ zikipita. Kama kusikia kungetosha, wangemhitaji Degner wa nini?

Mawimbi yale hurudi kwa wakati wake. Mizunguko ikilingana nayo, injini inashiba. Isipolingana, yanaivuruga. Ndiyo maana injini ya namna hii inalegea chini, inalegea, halafu ghafla inachomoka hadi unashika usukani kwa nguvu. Hapo ndipo mwili nao unadanganya. Mgongo hauhisi kiasi cha nguvu, unahisi mruko. Chukua mfano tu: injini moja inatoa farasi 10 katikati na kupanda taratibu hadi 16. Nyingine imenyimwa katikati, inatoa 5, halafu inaruka hadi 16 kufumba na kufumbua. Wapandishe watu kumi, wote watakuapia kwamba ya pili ina nguvu zaidi. Kilele ni kilekile. Fundi ameondoa farasi 5 katikati, na mteja amelipia shimo lile akidhani ni mlima.

Rafiki yangu alilipia shimo hilo. Alirithi Yamaha DT 175 ya baba yake mdogo, bwana shamba mstaafu, na alikuwa akipakia magunia ya viazi kutoka bondeni hadi barabarani. Pikipiki ya kubeba viazi mlimani inahitaji mvuto wa chini, ndipo inapoishi. Gereji aliyoiendea ilimpa sauti ya mashindano na ile namba ya farasi 40. Siku hizi akiwa na gunia moja hana budi kuchezesha klachi mpaka inanuka, na akiwa na mawili anashuka kusukuma. Tuliiweka sambamba na DT ya jirani yake ambayo haijaguswa. Kwa gia ya tatu, kutoka 40 hadi 60 kwa saa, ya jirani ilimwacha. Huko juu kabisa ya kwake ilijivuta mbele kidogo. Hata hivyo bado anaamini ana farasi 40, kwa sababu anawasikia.

Haya, tuwahesabu. DT 175 ya kiwandani ina sisi 171 na inatoa karibu farasi 16 kwenye mizunguko 7,000, yaani torki ya nyutoni-mita 16 hivi. Ili upate farasi 40 kwenye mizunguko 8,000 unahitaji torki ya nyutoni-mita 35 na ushee. Zaidi ya maradufu, kutoka silinda ileile, inayopozwa na upepo, kwa tupa na hedi iliyochongwa! Hesabu hiyo inafanywa kwa kalamu, nyuma ya risiti ya petroli, kabla hujatoa hela.

Wenzangu darasani wasicheke mapema. Wapo wanaoingiza vipimo vya silinda kwenye programu ya kompyuta, programu inachora mstari mzuri, na wanaandika "farasi 23.47" kwenye ripoti bila injini hiyo kuwahi kufungwa kwenye kipimo chochote. Hilo ni sikio lilelile, limevaa tai tu.

Hata mwenye kipimo halisi aulizwe. Nguvu imesomwa kwenye krenki au kwenye tairi la nyuma? Katikati hapo kuna gia na cheni, navyo vinakula. Hewa ilikuwaje? Injini isiyo na tabo ikitoka Dar es Salaam kwenda Mbeya, mita 1,700 juu ya bahari, inapoteza karibu sehemu moja kati ya sita bila fundi kuigusa, ndiyo maana vipimo rasmi husahihishwa kwa kanuni. Na ilipimwa kwa muda gani? Ekzosi ikipata moto mawimbi huongeza kasi na kilele kinahama. Nguvu ya sekunde tano haipandishi viazi.

Wengi wetu hatuna dainamometa, lakini saa ipo kwenye kila simu. Pima uzito wa pikipiki pamoja na mpandaji kwenye mzani wa mazao. Tafuta barabara tambarare isiyo na watu, baki kwenye gia moja, fungua moto wote, na mtu wa pili apime sekunde za kutoka kilomita 60 hadi 90 kwa saa. Rudia ukielekea upande wa pili ili upepo usikupendelee. Uzito ukiwa kilo 180 na muda ukiwa sekunde 4, umeipa pikipiki juli 31,250, yaani wati 7,800 kwa wastani. Ni farasi 10 na nusu kwenye tairi, ukiacha walioliwa na upepo. Kwa mbeba viazi, pima 20 hadi 40.

Fanya hivyo kabla fundi hajashika spana, na tena akimaliza: mpandaji yuleyule, koti lilelile, barabara ileile. Makosa ya upepo na ya spidomita yatakuwa karibu sawa pande zote mbili, kwa hiyo tofauti itakayobaki ndiyo kazi ya fundi. Na umwambie mapema kwamba utapima. Nimemwomba fundi mmoja akubali kulipwa kwa namna hiyo, nusu kwanza na nusu baada ya saa kusema. Alinitazama kwa muda, akafuta mikono kwenye ovaroli, akaniuliza kama hiyo 60 hadi 90 tunaweza kuifanya 80 hadi 100.