Kukaguliwa si Kutukanwa

Ukisafiri kutoka Nakuru kwenda Kericho utapita mahali paitwapo Londiani Junction, na mbele kidogo utafika Chepseon. Nchi hiyo ni ya milima na mvua. Mashamba ya chai yamelala kama mazulia ya kijani, na baina yake wakulima hupanda viazi, kabeji na karoti. Mavuno hayo huuzwa kando ya barabara kuu, maana ndiko waliko wasafiri wenye fedha. Mgeni apitaye huona neema tupu. Mwenyeji huona neema na hatari zimeketi mkeka mmoja.

Jioni ya tarehe 30 Juni 2023, hatari iliinuka. Lori lililobeba kontena lilitoka njiani pale Londiani Junction, likayavamia magari, wachuuzi, wanunuzi na watu waliokuwa wakingoja usafiri. Watu zaidi ya 50 walifariki. Baada ya ajali hiyo zilitoka amri kwamba masoko ya kando ya barabara kuu yahamishwe. Amri hizo zilikuwa na maana, lakini zilikuja nyuma ya majeneza. Nami nataka kuuliza, bila kumhukumu mtu wala ofisi: kwa nini jicho la serikali lifunguke baada ya msiba, nalo lilikuwa na wajibu wa kuwa wazi kabla yake?

Ili tulijibu swali hili, yatupasa kwanza kujua mambo yalivyogawanywa. Kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010, barabara kuu za taifa ni kazi ya serikali kuu, na masoko ni kazi ya serikali za kaunti. Basi soko linapoketi ukingoni mwa barabara kuu, mguu wake mmoja umo katika ua wa huyu, na mguu wa pili umo katika ua wa yule. Kila mmoja aweza kusema kwamba jambo hilo ni la mwenzake. Mchuuzi huwa katikati yao. Katika masoko mengi ya namna hii hutozwa ushuru asubuhi, akapewa na risiti. Kisha siku ya amri akaambiwa kwamba ameketi mahali pasipomstahili. Mimi nasema kwamba ushuru ni ukiri. Apokeaye fedha ya soko amekiri kwamba soko lipo, na kwa hivyo amekiri kwamba usalama wa watu waliomo umo mikononi mwake.

Wako wasemao kwamba serikali kuu isitie mkono katika mipango ya kaunti. Husema kwamba kaunti zilianza kazi mwaka 2013 kwa kura za wananchi, na kwamba mkaguzi atokaye Nairobi huja kuwapokonya uhuru wao. Neno hili ni tamu masikioni, lakini halina mizizi. Katiba ile ile iliyozipa kaunti kazi ya mipango imeipa serikali kuu kazi ya kuweka kanuni za jumla za mipango ya ardhi na kuioanisha mipango ya kaunti. Ibara ya 6 husema kwamba serikali za ngazi hizi mbili ni mbalimbali, lakini zinategemeana. Kaunti isiyotaka kuangaliwa yataka haki moja ya Katiba na kuukataa wajibu uliokuja pamoja nayo.

Nilipokuwa katika chuo cha ualimu, tulifundishwa kuandika andalio la somo kabla ya kuingia darasani. Siku ya mazoezi ya kufundisha, mkufunzi alikuja akaketi nyuma, akaomba andalio lile kabla hata hajasikia neno la somo. Aliyeandika alilitoa kwa furaha. Asiyeandika ndiye aliyeona kwamba amedharauliwa. Tangu siku hizo nimeamini kwamba uchungu wa kukaguliwa humshika zaidi yule ambaye hana cha kuonyesha.

Wako tena wasemao kwamba ukaguzi ni bure, kwa kuwa mkaguzi naye ni mwanadamu na mfuko wake una mdomo. Hawa siwezi kuwakanusha wote, maana historia iko upande wao. Tume iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u, iliyoundwa mwaka 2003, ilikadiria kwamba hati za ardhi zipatazo 200,000 zilitolewa kinyume cha sheria kati ya mwaka 1962 na 2002. Viwanja vya shule, misitu, masoko na hata akiba za barabara viligawanywa kama nyama ya karamu. Wakati ule walikuwako makamishna, mabaraza na maofisa, na wengine wao ndio waliokuwa mezani. Lakini tufunzwe nini na habari hizo? Si kwamba tuuache ukaguzi. Twafunzwa kwamba ukaguzi wa siri si ukaguzi. Ugawaji ule ulistawi kwa sababu ramani zilikaa katika makabati, na mwananchi hakuthubutu kuziulizia.

Na tusichanganye kukagua na kubomoa. Tingatinga lijalo alfajiri na kuvunja vibanda halikagui kitu; humwadhibu mchuuzi kwa kosa la mpangaji. Ukaguzi wa haki huanza ofisini, si sokoni. Huuliza: mpango wa mji huu uko wapi? Uliandikwa lini? Wananchi waliitwa kuusikiliza? Fedha za soko jipya zilitumika wapi? Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 imekwisha kuagiza kwamba fedha za umma zisitengwe nje ya mpango, na kwamba wananchi washirikishwe katika mipango hiyo. Mkaguzi hana haja ya kubuni maswali mapya. Na ayaulize hayo kila mwaka, katika kila mji ulioshikana na barabara kuu, awe amekuja kwa heri au kwa shari. Kisha majibu yabandikwe mahali ambapo muuza viazi aweza kuyasoma.

Sasa nageuka kwako, ewe kijana usomaye. Huenda wasema moyoni kwamba mambo haya ni ya wazee na wanasiasa. Sivyo. Wewe ndiwe uvukaye barabara ile kwenda shule, na mama yako ndiye aketiye na kikapu. Ibara ya 35 ya Katiba humpa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria iliyotungwa mwaka 2016 huitaka ofisi iliyoombwa kujibu ndani ya siku 21. Kalamu yako na karatasi moja vyatosha kuomba kuonyeshwa mpango wa mji wako. Omba kwa adabu, weka nakala, hesabu siku.

Ukiambiwa kwamba kuuliza ni utovu wa heshima, kumbuka kituo cha kununulia majani ya chai. Mkulima hufika na mzigo wake, karani hupima, na mkulima husimama karibu akiisoma mizani kwa macho yake mwenyewe. Karani mwaminifu hachukii. Na mizani yenyewe sharti ipimwe na mkaguzi wa vipimo na kutiwa mhuri. Hakuna aliyewahi kusema kwamba mhuri ule ni tusi kwa karani. Sisi watu wa nchi ya chai hatukubali kilo moja ya majani ipimwe gizani. Tutakubalije kwamba mahali pa kuketi mama zetu papimwe gizani?

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Pale Londiani Junction ukuta ulianguka, na hakuna fundi awezaye kuwarudisha waliokuwa chini yake. Lakini kando ya barabara zetu nyufa ni nyingi bado. Na zikaguliwe leo, mchana, mbele ya watu wote.