Ramani tulichora, mbona bado tunazama?

Aprili 2024, Mto Mathare ulipovunja kingo usiku, mama jirani alipiga simu kuomba msaada. Swali la kwanza: "Uko barabara gani?" Akajibu, "Nyuma ya kanisa la mabati, karibu na daraja la mbao." Swali la pili: "Ploti namba gani?" Maze! Maji yamefika magotini, mtoto yuko juu ya kabati, na mtu anataka namba ya ploti. Waliomtoa ni wasee wa base, kwa kamba ya kuanikia nguo.

Kinachoniuma ni kwamba kazi hii ya kuweka janga kwenye ramani sisi Wakenya tuliijua mapema. Januari 2008, ghasia za uchaguzi zikiwa zimechacha, Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia waliunda Ushahidi. Unatuma ujumbe kwamba hapa nyumba zinachomwa, alama inawekwa kwenye ramani, kila mtu anaona. Miaka miwili baadaye tetemeko likapiga Haiti, na programu hiyo hiyo ikatumika. Watu walituma SMS kwa namba 4636, Wahaiti wa ughaibuni wakazitafsiri kutoka Krioli, wanafunzi kule Boston wakatafuta mahali penyewe na kupatia alama. Wachoraji wa OpenStreetMap nao wakachora barabara za Port-au-Prince kutokana na picha za setilaiti. Hakuna aliyeulizwa ploti.

Na hapa nyumbani? Mwaka 2009 vijana wa Kibera walizunguka vichochoro na GPS mkononi wakiandika vyoo, kliniki, vituo vya maji. Kabla ya hapo mtaa huo ulikuwa kama doa tupu kwenye ramani za mtandaoni. Si kazi ngumu hivyo. Mimi sikumaliza chuo, na kuchora nilijifunza kwa simu, jioni mbili tu.

Lakini kuna upande ambao wapenzi wa teknolojia hawapendi kuugusa. Mei 2024, serikali ilipoamuru watu waondoke mita 30 kutoka mtoni, tingatinga zilifika Mathare bila kupotea njia. Kumbe wa kuokoa ndiye asiyejua kwetu, wa kubomoa anajua! Ndiyo maana ukimwambia mtu wa mtaa uweke nyumba yake kwenye ramani, anakuangalia kama mpelelezi. Na mimi siwezi kumlaumu.

Kwa hivyo kaunti isituletee mradi mwingine wa kupiga picha na kugawa fulana. Anayepokea simu ya dharura awe na skrini ambayo akiandika "kanisa la mabati", panatokea. Vijana wa mtaa walipwe kuisahihisha kila mwezi, maana huku nyumba huota usiku na kubomoka mchana. Na iandikwe, isainiwe, kwamba ramani ya kuokoa watu haitatumiwa kuwafurusha. Bila hiyo karatasi, mimi sitaki kumwona mtu na GPS mlangoni kwangu.

Masika huanza Machi. Mama jirani alibomolewa, akahamia hatua chache tu kutoka pale. Daraja la mbao lilisombwa, kwa hivyo akipiga simu tena, itabidi atafute kitu kingine cha kuelekezea.